Mtu Aliyeitwa Manowari

Hati ya kiapo ilikuwa na kurasa mbili tu, na Inspekta Wakiuru alikuwa ameisoma mara nne kabla chai yake haijapoa.

Ilisema kwamba mzee aliyekutwa amekufa Jumamosi alfajiri chini ya ngazi za ghala la vifaa vya ujenzi mjini Kitale, yule ambaye mji mzima ulimjua kwa jina moja la Manowari, alikuwa baba mzazi wa Kizito Barasa, mwenyeji wa Lwakhakha. Ilisema mzee huyo alizaliwa mwaka 1949, akatahiriwa kimila Agosti 1965, akaingia jeshi la wanamaji 1967 na kutoka 1983. Jina la Manowari, hati iliendelea kueleza, alipewa huko kazini kwa sababu alitumikia meli za kivita. Nyuma ya kurasa hizo ilibanwa amri ya hakimu: mwili apewe mwana wa marehemu, Jumatano, saa nane mchana.

Jumatano yenyewe ilikuwa leo, na saa ya ukutani ilionyesha saa moja na robo asubuhi.

Mkuu wa kituo alishatoa maoni yake tangu Jumamosi: mzee ameanguka, faili ifungwe. Lakini Wakiuru aliuona ule mwili kabla haujaoshwa. Palikuwa na jeraha moja kisogoni, la ukubwa wa kiganja, na zaidi ya hilo hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mtu wa miaka sabini na kitu akibingirika ngazi kumi na mbili za mbao, magoti yake yatasema na viwiko vyake vitasema. Vya Manowari vilikuwa kimya. Daktari wa kupasua maiti angefika kutoka Eldoret kesho asubuhi, na kufikia kesho asubuhi mzee angekuwa chini ya udongo pamoja na ushahidi wote. Alama za vidole zilikwenda Nairobi. Jibu lilikuwa asubiri wiki moja. Kitambulisho hakikuonekana. Kilichobaki mkononi kilikuwa jina la utani, na mwana mwenye haraka.

Haraka hiyo ndiyo iliyomtia Wakiuru wasiwasi. Tangu Jumatatu Kizito alikuwa amefika kituoni mara tatu, na hakuuliza hata mara moja baba yake amekufaje. Aliuliza mwili unatoka saa ngapi.

Njia ilikuwa moja. Akipata mtu wa kuthibitisha kabla ya saa nane kwamba kiapo kile ni cha uongo, amri ya hakimu ingebaki karatasi tu, kwa sababu mwana aliyetajwa ndani yake asingekuwepo. Asipompata, basi. Akafunga faili mkobani, akatoka.

Alianza upya kwa Bimla, mjane wa Om Prakash, mwenye duka na lile ghala ambalo Manowari alikuwa mlinzi wake wa usiku. Alimkuta amejitanda shali kwa baridi ya asubuhi, akiwaonyesha vibarua mahali pa kupanga mabati. Bimla alikuwa mzaliwa wa Kitale, mama wa miaka sabini hivi, mwepesi wa kujibu, na Wakiuru hakumwamini sana. Jumamosi alisema funguo za ghala ni mbili. Jumatatu zikawa tatu. Halafu alikubali upesi mno mzee azikwe katika shamba la ekari mbili, upande wa barabara ya Endebess, ambalo marehemu mumewe alimwachia Manowari alime na kujenga kibanda, ingawa hati ilibaki kwa jina la Om Prakash.

"Kwa nini ulikubali?" Wakiuru aliuliza.

"Kijana alikuja hapa analia, Inspekta. Ati baba alipenda ile shamba. Mimi nikatae? Watu wa hapa wangesema nini? Mama Mhindi ametumia mzee miaka arobaini na moja, halafu amemnyima mchanga."

Kuhusu funguo, Bimla alizungukazunguka kidogo kisha akasema. Ufunguo wa tatu alikuwa amempa Manowari mwenyewe, na alificha kwa sababu wanawe, walio Nairobi, walimkataza. Wakiuru aliandika hayo. Aliandika pia kwamba mifuko ya marehemu haikuwa na ufunguo wowote. Kisha akamrudisha Bimla kwenye Ijumaa, akamwuliza mambo yale yale kwa mpango mwingine, na Bimla akajibu vile vile: alifunga duka saa kumi na mbili jioni, akamwacha mzee mzima kabisa, akifagia mbele ya ghala.

Je, mzee aliwahi kuzungumza habari za bahari? Hapana, kamwe. Ndani ya mfuniko wa sanduku lake palibandikwa picha ya meli ya kivita iliyokatwa gazetini, lakini Bimla alidhani ni pambo tu, kama wengine wanavyobandika picha za wachezaji.

"Likizo alikuwa anachukua lini?"

"Agosti. Siku tatu, nne hivi. Lakini si kila mwaka. Mwaka mmoja anaenda, mwaka unaofuata haendi. Mume wangu alikuwa analala hapa badala yake, halafu analalamika mgongo. Mwaka jana alienda. Mwaka juzi alikuwa hapa."

"Alikuwa anaenda wapi?"

"Hakusema, na Om Prakash alisema tusimwulize. Alipanda gari ya Bungoma. Akirudi ananiletea kuku." Bimla alitikisa kichwa. "Miaka hiyo yote, na anajua mimi sili nyama. Kuku anatoa kichwa kwa mfuko wa duka, mfuko umeandikwa Bumula, ananiangalia mimi."

Wakiuru alipiga mstari chini ya neno Bumula, mara mbili.

Kutoka hapo alikwenda hadi nyuma ya soko, kwa Rotich. Huyu alikuwa mstaafu wa jeshi la wanamaji, na sasa alitengeneza pampu za maji katika kibanda kilichopangwa vizuri kuliko ofisi nyingi za serikali. Kila spana ilikuwa na msumari wake ukutani. Hakuinuka, kwa kuwa alikuwa ameshika pampu kati ya magoti, ila alimsukumia Inspekta kigoda kwa mguu na kuomba radhi kwa kufanya hivyo. Alipoelezwa yaliyomo katika kiapo, alicheka kwa pua.

"Mimi niliingia mwaka themanini na moja, madam. Kama yeye alitoka themanini na tatu, basi tulikuwa pamoja miaka miwili. Wakati ule tulikuwa wachache, tulijuana hata kwa kikohozi. Huyo mzee sikumwona."

"Na hilo jina?"

Swali hilo lilimfurahisha, nalo likamfanya aweke pampu chini. Alieleza kwamba Waingereza wa zamani meli yenye mizinga waliiita man-of-war, maana yake mtu wa vita. Watu wa pwani, waliposikia mabaharia wa kizungu wakilisema, walilichukua neno zima kwa mkupuo mmoja na kulipa matamshi yao. Ndipo ikapatikana manowari. Kwa hiyo, alisema Rotich, ukisema manowari umemtaja mtu, ingawa kinachoelea ni chuma.

"Lakini sisi tulioishi ndani yake hatukuiita hivyo," aliendelea. "Tulisema meli, ama tulitaja jina lake. Manowari ni neno la mtu aliye nje, anayeitazama kutoka nchi kavu ama anayeisikia kwa redio. Kumwita mwanamaji Manowari ni kama wewe uitwe Kituo."

"Hukuwahi kumwuliza?"

"Nilimwuliza mwaka ule nilifungua hapa. Alinicheka. Akasema, 'Wewe Rotich, mimi nilikuwa Manowari kabla serikali haijapata wanamaji.'"

"Na serikali ilipata wanamaji lini?"

"Tarehe kumi na mbili Desemba, sitini na nne," Rotich alijibu, kama mtu aliyeulizwa siku yake ya kuzaliwa.

Wakiuru alimwuliza kama anamjua Kizito Barasa. Rotich aliichukua tena pampu na kuitazama. Alisema Kizito anajulikana na kila mtu mjini, ni dalali wa mashamba. Zaidi ya hapo hakutaka kusema, na alipoombwa aandikishe maelezo alitaka kwanza amalize kazi ya mteja. Wakiuru hakupenda namna alivyoinamisha macho. Alimwacha na tarehe yake, lakini aliiandika.

Koplo Walubengo, dereva wake, alikuwa amewasha gari. Ilikuwa saa mbili u nusu. Waliacha mji na malori yake ya mahindi, wakashika njia ya Kiminini na Kamukuywa, na Wakiuru akayapanga mambo kwa sauti, kama alivyozoea, ili aone kipi kinasimama. Mtu haendi likizo kila mwaka. Anakwenda Agosti, siku chache, mwaka mmoja ndiyo na mwaka mmoja hapana. Mwaka jana ndiyo, mwaka juzi hapana, kwa miaka arobaini. Mganga? Mwanamke? Deni la damu?

Walubengo alianza kucheka kabla hajamaliza.

"Si ungeniambia tangu Jumamosi, madam? Huyo ni mtu wetu, Mbukusu. Tohara yetu ni Agosti, na inaruka mwaka mmoja. Mzee alikuwa anaenda kusimama na watoto wa bakoki zake."

"Bakoki ni nani?"

"Wale mlitahiriwa pamoja, mwaka mmoja. Mmoja ni makoki. Huyo amepita ndugu, madam. Ndugu mnaweza kugombania shamba. Makoki wako hawezi kukosa tohara ya kijana wako, hata kama anaishi Mombasa."

Akaeleza zaidi huku akilipita trekta. Kila mwaka wa tohara hupewa jina la jambo lililovuma wakati huo: nzige, njaa, daraja jipya. Kila upande una majina yake. Mtu huweza kuitwa kwa jina la mwaka wake mpaka watoto wasijue lile alilozaliwa nalo.

Wakiuru aliweka mambo mawili pamoja. Jina lililotangulia Desemba 1964. Agosti. Lakini yote hayo yalikuwa mzaha wa marehemu uliokumbukwa na fundi pampu. Hakimu asingebatilisha amri kwa mzaha. Alihitaji mtu hai.

"Ongeza mwendo, Koplo," alisema.

Walifika Bumula saa nne u nusu. Mbele ya ghala moja palikuwa na foleni ndefu ya wakulima waliosubiri mbolea ya ruzuku, kila mmoja na kitambulisho mkononi na gunia tupu kwapani. Walubengo hakutafuta chifu wala diwani. Alisimama katikati ya barabara akapaza sauti, akasema wanatafuta mtu yeyote anayemjua mzee aitwaye Manowari.

Mikono mitatu iliinuka, yote ya wazee, katika sehemu tatu za foleni.

"Manowari yupi?" aliuliza wa kwanza. "Sisi wote ni Manowari."

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka, na mmoja akamwambia Walubengo achague mwenye meno.

Aliyejibu alikuwa Mzee Wabwile, mrefu, mwenye koti la mvua na miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakiuru alimwomba wasogee kando wazungumze. Wabwile alikataa kwa adabu.

"Uliza hapa hapa, binti yangu. Niko hapa tangu saa kumi na moja. Nikitoka, huyu wa nyuma atasema hanijui, na ni shemeji yangu."

Kwa hiyo mahojiano yalifanyika hatua kwa hatua, foleni ikisogea nao wakisogea. Wale wenzake wawili waliwaachia jirani zao nafasi wakaja kusikiliza. Wabwile alisimulia kwamba mwezi wa kwanza wa mwaka 1964 palikuwa na redio moja katika eneo lao, ya mwenye duka, na redio hiyo ilisema siku baada ya siku kwamba manowari ya Waingereza imeonekana pwani. Hakuna aliyeijua manowari. Mtu mmoja aliyefika Mombasa aliwaeleza ni chuma kikubwa kinachoelea, kimejaa askari, na kikija hakiombi njia. Ilipofika Agosti, wavulana kumi na mmoja wa kijiji chao walizunguka kwa jamaa kuwaalika tohara, wakicheza na kupiga njuga, hawampishi mtu barabarani. Watu wakasema hawa wanakuja kama manowari. Jina likaukamata mwaka mzima.

"Kumi na mmoja," alisema Wabwile. "Tumebaki watatu hapa, na mmoja Kitale."

"Wa Kitale anaitwa nani?"

"Makokha. Bibi yake na binti yake walikufa wiki moja, kipindupindu, mwaka wa themanini na tatu. Mtoto mwingine hakuwa naye. Akaenda, akasema hataki kuitwa kwa jina ambalo bibi yake alikuwa anamwita. Lakini Agosti ya tohara ikifika, anakuja. Hajakosa."

Wakiuru alitoa simu, akawaonyesha picha iliyopigwa mochari. Wabwile aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akawapa wenzake simu. Simu ilizunguka mpaka ikarudi mikononi mwake.

"Ni Makokha. Nani amemuua?"

"Nani amekuambia ameuawa?" Wakiuru aliuliza upesi.

"Gari la polisi limetoka Kitale mpaka foleni ya mbolea. Kwa mtu aliyekufa malaria?"

Jibu lilikuwa safi. Hata hivyo Wakiuru aliwauliza mmoja mmoja walikuwa wapi Ijumaa, na walijibu bila kukasirika: kwenye foleni hii hii, mbolea haikufika. Karani wa ghala alithibitisha, kwa aibu kidogo.

Ndipo akatoa ile hati ya kiapo. Ilikuwa ya Kiingereza cha mahakama, na tangu ifike kituoni haikutoka katika mkoba wake. Hata Walubengo hakuwahi kuishika. Akaisoma akitafsiri, mstari kwa mstari. Kuzaliwa. Lwakhakha. Tohara, Agosti 1965.

Walubengo, aliyekuwa akinunua mahindi ya kuchoma hatua tatu kutoka hapo, aligeuka.

"Rudia huo mwaka," alisema Wabwile.

"Elfu moja mia tisa sitini na tano."

Wazee watatu walitazamana. Wakiuru alisubiri wacheke, lakini hawakucheka.

"Binti yangu, mwaka huo hakuna mtu alitahiriwa. Hapa hakuna, Lwakhakha hakuna, hata ng'ambo ya mpaka, kwa Wamasaba wa Uganda, hakuna. Ilikuwa sitini na nne, halafu sitini na sita. Sisi hatupashi tohara mwaka usiogawanyika kwa mbili. Aliyeandika hii hajawahi kukaa na babu yake."

Wakiuru aliutazama mstari aliousoma mara nne asubuhi ile. Kwao Nyeri mtu aliweza kutahiriwa mwaka wowote, na jicho lake lilikuwa limeupita mwaka ule kama linavyopita tarehe ya kuchapishwa kwa fomu.

"Na huyo kijana anataka kumzika wapi?" aliuliza Wabwile.

Alimweleza kuhusu ekari mbili za barabara ya Endebess, hati ya Om Prakash, kibanda, na miaka zaidi ya thelathini ambayo mzee alilima pale bila kuulizwa na mtu.

Foleni ilisogea. Wabwile naye akasogea.

"Basi huyo hatafuti baba," alisema. "Anatafuta kaburi."

Wakiuru hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtu aliyekalia ardhi miaka yote ile angeweza kuidai mahakamani, na haki hiyo ingerithiwa na mwanawe. Lakini mwana wa karatasi tu angeshindwa. Mwana mwenye kaburi la baba katikati ya shamba, limejengewa kwa matofali na kutiwa sementi, nani angemwondoa? Hakimu gani angeamuru mzee afukuliwe? Kizito alihitaji mlinzi mmoja asiye na jamaa, na alimhitaji akiwa amekufa.

Alimwuliza Wabwile kama atakubali kwenda Kitale sasa hivi. Wabwile alitazama mbele. Walikuwa wamebaki watu tisa. Akawaachia wenzake kitambulisho cha mbolea na gunia, akamwonya shemeji yake kwa kidole, akapanda gari.

Walipoingia kwenye uwanja wa mochari ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini. Gari dogo la mizigo lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume hadi mlangoni, jeneza juu, nalo lingali linanguruma. Wanawake wanane wa kukodishwa walikuwa wakilia kwa zamu. Kizito alisimama katikati, suti nyeusi, saa kubwa mkononi, na alipomwona Inspekta alimjia akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Madam, afadhali umefika. Huyu mhudumu anatuchelewesha. Kaburi liko tayari, watu wamejaa nyumbani."

"Ni dakika moja tu," alisema Wakiuru. "Kuna mambo Koplo hajayaandika. Jina la nyumbani la marehemu?"

"Barasa. Iko kwa kiapo."

"Kazi yake?"

"Mwanamaji. Ndiyo maana ya Manowari. Iko kwa kiapo."

"Alitahiriwa kimila?"

"Kabisa."

"Mwaka gani?"

"Si umesoma, madam?"

"Koplo hajasoma. Mwambie, kwa sauti."

Kizito alimgeukia Walubengo na kutamka taratibu, kama anamsomea mtoto imla. "Agosti. Elfu moja, mia tisa, sitini na tano."

Kilio kilipungua. Mwanamke wa mbele aliishusha leso yake akamtazama Kizito. Wa pili akanong'ona na wa tatu kwa Kibukusu. Walikuwa wamelipwa kulia, lakini walikuwa na wana na kaka, na mwaka ule haukuwa na mwana wala kaka wa mtu. Mmoja aliyeshika shada la maua aliliweka juu ya boneti ya gari, akarudi nyuma hadi ukutani. Mwingine akamfuata. Dakika haikupita, hapakuwa na mtu karibu na jeneza isipokuwa Kizito na dereva.

"Karani alikosea kupiga chapa," alisema Kizito. "Ilikuwa sitini na nne."

"Kwa nini si sitini na sita?" aliuliza Wabwile, akiwa bado anashuka garini.

Kizito alimtazama, koti la mvua, miwani ya uzi. "Huyu mzee ni nani?"

"Ni Manowari," alisema Wakiuru.

Kizito alimgeukia Inspekta. Alikuwa mtu wa maneno, na maneno hayakuchelewa kumrudia. Alisema msiba humchanganya mtu. Alisema wakili wake atarekebisha karatasi, maziko yanaweza kuwa kesho au hata Ijumaa, yeye si mtu wa vita na serikali. Akawaashiria watu wake, akauliza kama anaweza kwenda.

"Ulisema kaburi liko tayari," Wakiuru alimrudisha. "Limechimbwa lini?"

"Jana. Baada ya amri ya korti."

"Si jana."

Sauti ilitoka ukutani. Aliyesema alikuwa mmoja wa waliaji, mama mnene aliyejifunga kitenge cha maua, na wenzake walimsogelea kidogo kana kwamba kuna upepo. Wakiuru alimwuliza jina. Aliitwa Linah, muuza chai wa stendi.

"Mimi ndiye nilipelekea wachimbaji chai," alisema Linah. "Huyu alinituma mwenyewe. Nikashangaa, kwa sababu sisi kaburi tunachimba ule usiku kabla ya kuzika, hatuliachi wazi hata siku moja. Wao wakamaliza, wakafunika na mabati. Nikamwuliza, hii ni ya nani? Akaniambia kuna mzee hospitali, amezidiwa sana."

"Linah," alisema Kizito, kwa upole mwingi.

"Ilikuwa siku gani?" aliuliza Wakiuru.

"Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Walikuwa watu wanne."

Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Makokha alikuwa anafagia mbele ya ghala.

Walubengo alishahama mahali aliposimama. Sasa alikuwa kati ya Kizito na lango, na dereva wa gari, bila kuambiwa, alizima injini. Wakiuru alimwomba Linah arudie yote tangu mwanzo, polepole, Koplo aandike, na Linah akarudia bila kupunguza wala kuongeza. Kizito alinyoosha mikono kabla hajaamriwa. Aliitoa saa yake kubwa kwanza, akaitia mfukoni, ili pingu zisiikwaruze.

Mhudumu wa mochari alichungulia mlangoni, akauliza kama bado anautoa mwili.

"Urudishe ndani," alisema Wakiuru. "Daktari anakuja kesho."

Wabwile alivua kofia. Aliuliza kama kuna sheria inayomzuia mtu kukaa humo hadi kesho, na mhudumu akasema humo ni baridi, mzee, hakuna mtu anayekaa. Wabwile alifunga vifungo vya koti lake la mvua mpaka shingoni, akasema daktari akimaliza, yeye na Makokha wataondoka wote wawili kwa gari la Bungoma, kisha akaingia.